Anayelipia boti awajibike kwa yanayotendwa nayo

Tarehe 6 Mei 2009, maili 35 za baharini kusini mwa kisiwa cha Lampedusa, meli za Italia ziliwakuta watu wapatao 200 ndani ya boti tatu zilizotoka Libya. Wakapandishwa kwenye meli za kijeshi bila kuulizwa majina wala kuambiwa wanakopelekwa. Kwa maelezo yao, safari ilichukua saa kumi, na walipoona wamefikishwa Tripoli walikataa kushuka, wakashushwa kwa nguvu. Miongoni mwao, 24 walifungua kesi: Wasomali 11 na Waeritrea 13.

Hukumu ya kesi hiyo, inayojulikana kama Hirsi Jamaa, ilitolewa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, Februari 2012. Majaji wote walikubaliana. Mtu aliye ndani ya meli ya Italia yuko chini ya mamlaka ya Italia hata akiwa bahari kuu, na haruhusiwi kurudishwa mahali ambako anaweza kuteswa. Kila mlalamikaji aliamriwa alipwe euro 15,000.

Kwangu mimi, siasa nzima ya mipaka ya Ulaya tangu hapo ni jitihada za kuikwepa hukumu ile. Kama kumrudisha mtu kwa mkono wako ni kosa, mtafute mwingine amrudishe, wewe umlipe. Februari 2017 Italia ilitia saini hati ya makubaliano na serikali ya Tripoli. Walinzi wa pwani wa Libya wakapewa boti na mafunzo, na hadi leo ndege za Frontex, wakala wa mipaka wa Umoja wa Ulaya, zikiiona boti ya wahamiaji, taarifa huwafikia. Wanaokamatwa hupelekwa vizuizini, na yanayofanyika huko, vipigo, ubakaji na kudai fidia kwa ndugu zao, Umoja wa Mataifa umeyaandika mara nyingi mno kwa yeyote kudai hajui.

Novemba mwaka huohuo boti ya Libya iitwayo Ras Jadir, iliyotolewa na Italia, iliingilia uokoaji baharini. Watu wasiopungua 20 walikufa. Manusura walikwenda Strasbourg kama wale wa 2009, na mwaka 2025 mahakama ikakataa kuipokea kesi yao: Italia haikuwa na udhibiti juu ya Walibya wale, kwa hiyo haikuwa na mamlaka. Kisheria naielewa hoja hiyo. Siikubali hata kidogo. Sipingi nchi kulinda mpaka wake, lakini anayetoa boti, anayefundisha mabaharia na anayenufaika na kazi yao hawezi kunawa mikono watu wakifa.

Na huu si mchezo wa baharini tu. Mwaka 2015 Niger ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaosafirisha wahamiaji, huku fedha za Ulaya zikimiminika. Madereva wa Agadez, mji wa kaskazini mwa Niger, waliokuwa wakiondoka kwa misafara yenye ulinzi wa jeshi, wakaanza kupita njia za vichochoro vya Sahara, mbali na visima. Gari likiharibika huko, au dereva akiona doria na kuwatelekeza abiria, hakuna wa kuwaona. Wanajeshi waliopindua serikali waliifuta sheria hiyo Novemba 2023.

Hapa lawama inatugusa pia Waafrika, na inaniuma zaidi kuliko ile ya Ulaya. Tunisia iliahidiwa na Umoja wa Ulaya euro milioni 105 za kudhibiti uhamiaji Julai 2023, miezi michache tu baada ya rais wake kuwashutumu hadharani wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara na wengi wao kufukuzwa kwenye nyumba na kazi. Mauritania ikafuata Machi 2024, kwa euro milioni 210. Mkono mtupu haulambwi, na viongozi wetu wamejua bei ya kumzuia Mwafrika mwenzao.

Makubaliano ya aina hii hutiwa saini na mawaziri na marais, na hata ile hati ya 2017 haikupelekwa kwenye bunge la Italia kuridhiwa. Hati hiyo hujirefusha yenyewe kila baada ya miaka mitatu. Makubaliano haya yaletwe bungeni, pande zote mbili za bahari, kifungu kwa kifungu na euro kwa euro. Na kiwemo kifungu kinachosema waziwazi ni mahakama ipi atakwenda aliyenusurika.