Rimini imefungwa, Malindi itafungwa

Jumapili ya mwisho ya Februari nilimpeleka baharini bibi ninayemtunza hapa Bologna. Treni saa moja na kitu, tukashuka Rimini. Tangu usichana wake alikuwa akienda huko kila Agosti, na safari hii hakutaka chochote ila kuvuta ile hewa ya chumvi. Mimi nilikuwa sijawahi kuuona mji wa pwani wa Italia ukiwa umelala.

Umelala kweli. Mtaa mzima wa hoteli madirisha yamefungwa, viti vimepandanishwa juu ya meza, hata choo cha bibi tulikitafuta nusu saa nzima. Ufukwe wa kilomita 15, ambao Agosti huoni mchanga kwa wingi wa miavuli, tulikuwa sisi wawili na mtu na mbwa wake. Mbele yetu kuna tuta la mchanga linalomzidi mtu kimo, limenyooka hadi macho yanapochoka. Kumbe kila mwaka baridi ikikaribia matrekta hulisukuma ili mawimbi yasivifikie vibanda, na joto likirudi mchanga unatandazwa tena. Bahari yao ina tabia zake, nao wamezisoma.

Nyuma ya tuta, kwenye bagno moja (ndivyo wanavyoviita vituo vyao vya ufukweni, kila kimoja na nambari yake), nilimkuta mzee amepiga magoti. Amepindua kitanda cha kuotea jua, anang'oa kitambaa kilichochakaa, misumari ya zamani anaitia kwenye kopo la nyanya. Akavuta kitambaa kipya kwa koleo, akagonga, akapitisha kiganja kuona kama kimekaza. Hakikukaza. Akang'oa, akaanza upya. Nyuma yake vitanda vimepangwa hadi darini.

Akaniuliza natoka wapi. Malindi, nikamwambia. Uso ukamchangamka: Januari alikuwa Malindi wiki mbili! Yeye ni mfanyakazi tu pale, si mwenye mali, na kila baada ya miaka kadhaa hujikusanyia akaja kwetu bahari yao inapofungwa. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaweza kulitoa kichwani: yule kijana aliyekuwa akituletea chakula, mvua zikianza huwa anafanya nini?

Ninyi wenzangu wa Malindi mnajua anafanya nini: hoteli hufungwa, naye hurudishwa nyumbani. Baba yangu alikuwa weita miaka 22, na kila Aprili tulimwona akirudi mchana na viatu vyake vyeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Sare ameirudisha, ameambiwa asubiri simu. Punde shule zinafunguliwa muhula wa pili. Mama alikuwa akimtuma mdogo wetu dukani kukopa unga kwa sababu yeye mkubwa ameshaona haya. Simu ilikuja Julai, mwaka mwingine Agosti, na mwaka mmoja haikuja mpaka Desemba.

Mzee wa Rimini hasubiri simu. Septemba anajua Desemba atakula nini. Italia ina malipo yaitwayo NASpI, yalianzishwa mwaka 2015: mkataba ukiisha, mfanyakazi hulipwa kwa nusu ya wiki alizochangiwa katika miaka minne iliyopita. Aliyefanya miezi sita anapata kama mitatu. Hayatoshi, na hapa watu wanayalalamikia kila mwaka. Lakini ni haki yake, imeandikwa, haendi kumpigia mtu magoti.

Sasa nawasikia. "Umefika Ulaya juzi, leo unatutukana." Sijakana kwetu. Kazi yangu ni kumwogesha na kumlisha mzee wa watu, na nusu ya mshahara iko Malindi kabla mwezi haujaisha. Siwezi kukidharau ninachokilisha. Wala sisemi hapa ni peponi. Wako wanaofanya kazi ya ufukweni bila karatasi yoyote, na hao NASpI hawaijui. Kaka zetu Waafrika wanaouza miwani na mikoba juu ya ule mchanga wakati wa joto hufukuzwa na polisi, na hakuna anayeuliza Februari wako wapi. Nimeyaona na yananiuma.

"Wenzetu ni matajiri." Hapo ndipo mnaponikasirisha. Fedha ile haishuki mbinguni, ni michango inayotoka kwa waajiri kazi inapokuwapo. Je, Desemba Malindi hakuna kazi? Mwisho wa mwaka si vyumba vimejaa, tuktuk hazipatikani, na samaki amepanda bei hadi mwenyeji hamgusi? Kiasi kidogo kikiwekwa kando kwa kila usiku wa mgeni, Mei mtu angenunua unga kwa fedha zake mwenyewe. Tusiambiwe kuwa jambo hili linahitaji utajiri wa Ulaya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba misimu ni elimu yetu. Neno lenyewe, msimu, limekuja na upepo wa jahazi. Babu zetu walijua kusi na kaskazi kabla mtu wa Rimini hajafungua kituo chake cha kwanza cha kuogea mwaka 1843. Kusi likichafuka, chombo kilipandishwa pwani, kikakalafatiwa, kikapakwa shahamu, matanga yakashonwa. Ukimwona yule mzee na koleo lake, umemwona fundi wa jahazi. Hakuna baharia aliyeshtuka kwamba kusi limefika! Leo losizoni, yaani msimu usio na wageni, inatujia kila Aprili, tarehe tunaijua, na kila mwaka tunaipokea kama msiba wa ghafla.

Mtasema hoteli nazo hukarabati wakati wa mvua. Nyingine ndiyo, nakubali. Makuti hubadilishwa, kuta hupakwa chokaa. Lakini huletwa kontrakta na vijana wake, na weita anayejua kila kiti kinacholegea amekaa Ganze, kule bara, anapalilia mahindi ya ndugu yake. Kwa nini asiitwe yeye kwanza, hata kwa nusu mshahara?

Mdogo wangu yuko zamu ya jioni katika hoteli moja hukohuko nyumbani. Mkataba wake unaisha tarehe 15 Aprili. Jana usiku nilimpigia, nikamuuliza kama wana vitanda vya ufukweni vilivyochanika. Akasema ghala limejaa. Akasema pia kwamba kuvishona anajua, alifundishwa na baba.