Fremu ya Siti na Kreti la Soda

Ukimwona mtu mzima anaendesha gari dogo la michezo Tabata, amelalia mlango kama anayesikiliza mazungumzo ya jirani, usidhani ni mbwembwe. Fremu ya siti imekatika.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster, kizazi cha pili, kile kilichotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Siti mbili, paa la turubai, gia za mkono. Duniani ukoo wake una heshima. Rekodi za Guinness zinautaja kuwa gari la michezo la siti mbili lililouzwa kuliko mengine yote, na mwaka 2016 kiwanda cha Hiroshima kilitoa la 1,000,000. Mtaani kwetu heshima hiyo haijafika. Watoto wanaliita Kiatu. Mama mwenye nyumba, siku nilipoliingiza getini, alilizunguka taratibu, akachungulia nyuma ya siti, akaniuliza, "Mwanangu, na familia itakaa wapi?"

Siti ya dereva iliuawa na maji, matuta yakaja kumalizia tu. Magari haya yana vitundu viwili vimejificha kwenye kona za nyuma, pale turubai linapoishia. Mvua ikinyesha, maji yanaingia humo na kushuka hadi chini ya gari bila kumsumbua mtu. Vikiziba, maji yanatafuta njia nyingine, nayo njia nyingine ni ndani. Mimi naegesha chini ya mwembe. Masika ikapita, zulia likawa halikauki, kutu ikashika mguu wa fremu pale ulipochomelewa. Ikabaki shimo moja tu la barabara kukamilisha kazi. Tangu hapo nikikanyaga breki siti inakwenda mbele kusalimia, nikiongeza mafuta inarudi nyuma, tena kwa upande.

Fundi niliyempelekea alitaja bei, nikamwomba arudie, nikidhani ananipa namba ya simu. Jioni ile nikaangalia video ya mzungu mmoja kwenye gereji safi kuliko sebule yangu. Bolti nne, zote namba 14. Alizifungua huku anapiga stori, akainua siti kwa mikono miwili, kikombe chake cha kahawa hakijapoa.

"Bolti nne tu," nikamwambia mke wangu.

"Baba watoto," akasema bila kuinua macho kwenye mchicha, "kitasa cha choo ulisema ni skrubu mbili."

Nikaenda Gerezani kutafuta fremu ya mtumba. Muuzaji hakuhitaji hata kufikiri. "Roadster? Ipo, bosi. Ya Japani hiyo, haijaguswa." Akazama chini ya rundo la rejeta, akaibuka na mifupa ya siti isiyo na sponji wala kitambaa. Reli zinateleza, mkono wa kulaza mgongo unafanya kazi, na kile kidude cha kupachikia mkanda kipo, kimefungwa ubavuni. Nikauliza swali moja la maana: "Hii ni ya dereva?"

"Bosi, atakayekaa hapo si ndiye dereva?"

Jibu lilinitosha. Nikalipa, nikaivaa fremu mgongoni, nikapanda bodaboda. Pale Buguruni dada mmoja dirishani mwa daladala aliniuliza kama hiyo siti ya kwenye pikipiki inalipiwa zaidi.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Nilitaka kufanya kimya kimya, lakini Dar huwezi kufungua boneti kimya kimya. Hata ukiifungulia chumbani, mtu atapita aseme "pole". Walikuja watoto, akaja kijana wa bodaboda wa kona, akaja mzee wetu mmoja mstaafu ambaye ujana wake wote aliendesha malori ya Zambia na tangu hapo hajaona gari likitengenezwa sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabla ya yote, chomoa betri."

Ushauri mzuri. Tatizo, alikuwa ameshainama mbele, boneti iko wazi, anatafuta. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Akasimama wima, akashika kiuno. "Kijana, umeibiwa betri."

"Mzee, iko kwenye buti."

"Umeibiwa!" Kijana wa bodaboda naye akachungulia, akathibitisha kwamba kweli haimo. Habari ikatoka getini kabla yangu. Nilipofungua buti kuwaonyesha betri imekaa kwenye kona yake, ilipowekwa na waliolitengeneza gari, jirani wa nyumba ya tatu alikuwa tayari amefika kunipa pole na kunitajia kijana anayemshuku.

Bolti tatu zilitoka vizuri. Ya nne, ya nyuma upande wa mlango, ndiyo iliyokunywa maji ya masika yote. Niliimwagia oili nikasubiri, nikaigonga na nyundo kidogo kuiamsha, nikavalisha soketi, nikaunga bomba kwenye mpini ili nipate nguvu. Mzee akisema "kushoto", kijana wa bodaboda akisema "kulia", mimi nimelala kifudifudi, kichwa kwenye pedali, miguu kibarazani. Ilipoachia, iliachia ghafla, nami nikagonga stelingi kwa kisogo. Honi haikulia. Hiyo ndiyo faida ya kuchomoa betri.

Siti ya gari hili haipiti mlangoni kirahisi. Tukafungua paa, tukaitoa kwa juu. Chini yake tukakuta sarafu ya yen 5, ile yenye tundu katikati, watoto wakaigombania hadi mmoja akalia, na punje ya hindi iliyokuwa imeota kwenye zulia, ina majani mawili. Mzee aliitazama muda mrefu. "Palizi lini?" akauliza.

Baada ya hapo ndipo nilipojua kwa nini mzungu yule hakuonyesha sehemu ya pili. Kutoa siti ni kazi ya mkono. Kuivua nguo na kuivalisha mifupa mingine ni kazi ya roho. Kitambaa kimeshikwa kwenye sponji kwa vipete vya waya, na kila kipete kinazunguka waya mwingine uliofichwa ndani ya mfereji wa sponji, mahali ambapo kidole kinafika lakini koleo halifiki, au koleo linafika lakini huoni. Nilivikata vyote. Vipya sikuwa navyo, nikatumia waya wa kufungia nondo uliobaki walipojenga ukuta. Unapitisha, unavuta sponji hadi inalia, unasokota, unakata, ncha inakuchoma chini ya ukucha. Unahamia kinachofuata. Mke wangu alileta chai, akakuta nimeibana siti kwa magoti katikati ya sebule, jasho linatoka. Akaweka kikombe chini, akarudi chumbani, akafunga mlango polepole.

Usiku mkubwa ikakamilika. Nikaiegemeza ukutani. Mishono imenyooka, hakuna mkunjo. Nililala usingizi wa fundi mkuu.

Asubuhi hadhira ilikuwa imeongezeka, maana ni Jumapili. Tukaiteremsha siti kwa juu, ikakaa. Nikaanza na bolti ya kwanza: haioni tundu. Nikasukuma, nikavuta. Upande wa gia sakafu ina kinundu, na mguu wa fremu uliotakiwa kukikwepa ulikuwa upande wa mlango. Nikaingia nikae nione tatizo liko wapi. Nikapapasa mkono wa kulaza mgongo, sikuuona. Ulikuwa kushoto, umebanwa na kinundu cha gia, hata karatasi haipiti. Nikavuta mkanda kutoka nguzo ya mlango, nikautafutia pa kupachika. Kidude cha kupachikia kilikuwa kulia. Mlangoni. Kwenye nguzo ile ile mkanda ulikotokea.

"Sasa huo mkanda," akasema kijana wa bodaboda, "unafunga bega tu?"

Mzee hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliinama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajinyoosha. "Kijana, hii ni siti ya abiria."

Kutoka barazani mke wangu alikohoa. Kikohozi kimoja tu, lakini nilisikia kitasa cha choo ndani yake.

Tukaitoa tena. Ndipo boza la maji likapiga honi getini.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameliagiza tangu Alhamisi. Maji ya bomba yalikuwa hayajaonekana siku nyingi na matangi yanapiga mwangwi. Boza haliwezi kupita Kiatu kikiwa pale. Dereva wake akatoa kichwa: "Toeni hicho kitu, nina oda tano!" Mama mwenye nyumba akaja mbio, ameshika upande wa kanga. "Mwanangu, hili likigeuza halirudi wiki hii. Nakuomba."

"Si tulisukume?" akasema mke wangu. Alisema vizuri, kwa sauti ya kutosha. Wanaume wote waliokuwapo wakageuka kutafuta kitu cha kukalia.

Likapatikana kreti la soda. Likawekwa palipokuwa na siti, likageuzwa juu chini, likawekewa kipande cha godoro. Nikarudisha waya wa betri, nikaingia. Nilikuwa nimekaa juu kiasi cha kuona paa la duka la Mangi. Nikaondoa gia, nikawasha, ikakubali. Watu wakapiga makofi.

Kuna jambo hulijui hadi siku siti itakapoondoka. Siti kazi yake si kukukalisha tu, inakupa pa kuegemea unapokanyaga klachi. Ukiisukuma klachi, nayo inakusukuma. Siku zote mgongo wa siti unaimaliza hiyo nguvu kimya kimya na wewe huna habari. Kreti la soda halina mgongo, wala halikufungwa kwa bolti nne namba 14. Nilikanyaga klachi hadi chini, nikaweka gia ya kwanza, na wakati huohuo kreti likaanza safari ya kurudi nyuma juu ya zulia bichi. Mimi nikalifuata. Mguu ukabaki juu ya klachi kadiri ulivyoweza, kisha ukaishiwa urefu.

Klachi ikaachia yote kwa mkupuo. Gari likaruka mbele, mara mbili, likagonga mti wa kamba ya nguo, likazima. Mti ukainama, kamba ikakatika, na nguo zote alizofua mama mwenye nyumba zikaingia kwenye gari lisilo na paa.

Nilikuwa chali, kichwa kimekwama nyuma palipo na kaukuta ka rafu, miguu juu ya mlango, ndala moja. Giza. Kitambaa kibichi usoni. Nikasikia dereva wa boza ameshuka, anauliza, "Dereva wake yuko wapi?" Mtoto mmoja akamjibu, "Huyo hapo, hizo nyayo."

Mtu akafunua kona ya kanga. Alikuwa mama mwenye nyumba. Hakuniangalia mimi kwanza, aliangalia kanga kama imeshika oili. Ilikuwa mpya ya doti, na maandishi yake yalinipita kifuani kuanzia bega hadi bega: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Mzee wa malori ya Zambia aliyasoma kwa sauti, mara mbili, kwa faida ya waliokuwa nyuma.

Kisha wakalisukuma. Mimi nikiwa ndani.

Fremu ya zamani niliipeleka kwa mchomeleaji mageti wa mtaa wa pili. Mzee alikuja nami, na hapo ndipo alipofaa kuliko video zote. Hakukubali ichomelewe vidoti viwili vitatu. Kidude cha mkanda kinashikwa na hiyo hiyo fremu, akasema, gari likigonga, fremu ikiachia, mkanda unakwenda nayo na wewe unakwenda navyo vyote. Kutu yote ikasagwa hadi chuma cheupe kikaonekana, sahani ya chuma ikalazwa juu, ikachomelewa kuzunguka. Mchomeleaji amezoea mageti, kwa hiyo sahani aliyochagua inaweza kumzuia mwizi. Siti imepanda. Paa likifungwa nywele zangu zinagusa turubai, kwa hiyo nalifungua hata saa saba mchana. Vile vitundu vya nyuma nimevizibua kwa chelewa ya ufagio, majani yaliyotoka yalijaa kopo.

Kitambaa na sponji nilivirudisha mwenyewe, waya kwa waya. Sitaki kulizungumzia hilo.

Muuzaji wa Gerezani alinisikiliza kwa upole wote. "Bosi, ulisema ya Roadster. Hiyo siyo ya Roadster?" Ikabidi nirudi na fremu yangu ya abiria mgongoni, na safari hii bodaboda alinidai nauli ya watu wawili.

Niliiweka barazani nikiwaza la kuifanya. Mama mwenye nyumba akapita, akaibonyeza kwa kidole, akaleta mito miwili na mkeka. Jioni nikamkuta amekaa anachambua mchele. Mkono wa kulaza mgongo yeye anaupata bila shida, uko kushoto, na yeye ni wa mkono wa kushoto. Anaulaza mgongo nyuma, anatazama barabara, anaurudisha, anaendelea na mchele. Wiki iliyofuata alimtuma mjukuu wake mlangoni kwangu.

"Anko, bibi anauliza, hii nyingine ya kwenye gari unaitoa lini? Anasema wageni wake wanakaa chini."