Kumwokoa Chance Wayne ni Kumdhulumu

Kila ninapoitazama filamu ya Sweet Bird of Youth, ya mwaka 1962, nafurahi kwa karibu saa mbili, kisha dakika za mwisho zinanighadhibisha. Chance Wayne, kijana aliyerudi mjini kwao baada ya miaka ya kuukimbiza ustaa bila kuushika, anakamatwa na maadui zake na kuvunjwa uso kwa fimbo. Halafu mpenzi wake anamjia, na wawili hao wanaondoka zao. Imekwisha hapo. Tennessee Williams hakuandika hivyo. Katika tamthilia yake, iliyopanda jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia jijini New York, mwezi Machi 1959, Chance hapati mtu na wala hatoki mjini. Watu wanakuja kumhasi, ana nafasi ya kukimbia, na hakimbii. Badiliko hilo mimi nalihesabu kuwa dhuluma, ingawa bado nakusihi uitafute filamu yenyewe uione.

Kwa asiyeijua hadithi: ni asubuhi ya Jumapili ya Pasaka katika hoteli ya Royal Palms, mji wa St. Cloud, mji wa kubuni kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico kusini mwa Marekani. Kitandani wapo wawili. Mwanamke ni Alexandra Del Lago, nyota wa sinema aliyechuja, anayejificha chini ya jina la Princess Kosmonopolis. Anaamka hajui yuko wapi wala huyu kijana ni nani, na kabla ya yote anaitaka barakoa yake ya oksijeni, maana hofu inambana kifua. Kijana ni Chance, ana miaka 29, nywele zimeanza kumpungua, na kwa lugha ya mtaani kwetu ni marioo: jimama linalipa, yeye anaendesha gari na kumfariji. Chini ya kitanda ameficha kinasa sauti. Amemtega Alexandra azungumze habari za bangi waliyovuta, ili baadaye amtishie nayo.

Kilichomrudisha mjini ni Heavenly, msichana wa ujana wake, binti wa Boss Finley, mwanasiasa anayeushika mji huo kama shamba la urithi. Kuna jambo watu wa mjini wanalijua na yeye halijui. Safari iliyopita alimwachia Heavenly ugonjwa wa zinaa, na daktari akalazimika kumwondoa kizazi. Baba na kaka wameshaapa kwamba akikanyaga tena hapo, naye atakatwa.

Sasa tuwatazame waigizaji, kwa sababu hapa kuna jambo linaloniuma. Alexandra alichezwa na Geraldine Page, jukwaani na kwenye filamu pia. Page alizaliwa Novemba 1924. Chance alichezwa na Paul Newman, naye jukwaani na kwenye filamu. Newman alizaliwa Januari 1925. Wamepishana miezi miwili. Machi 1959 wote walikuwa na miaka 34, mmoja akapewa nafasi ya mwanamke ambaye wakati umeshamtupa, mwingine akapewa nafasi ya kijana asiyefika thelathini, na hadhira ikakubali pande zote mbili. Williams aliandika tamthilia kuhusu jinsi biashara ya sura inavyowala watu wake. Biashara ileile ikampa Page kazi ya kuzeeka mapema ili aoneshe inavyokula. Naye aliifanya kazi hiyo kwa ghadhabu inayoonekana, na ndiyo maana Alexandra wake haombi huruma hata anapotambaa.

Kuna tukio la simu ambalo kwangu ndilo filamu nzima. Chance ana mpango: Alexandra ampigie mwandishi mashuhuri wa safu za umbea, amwambie kwamba amegundua vipaji viwili vichanga, Chance na Heavenly. Alexandra anaushika mkono wa simu akitetemeka. Kumbuka kwamba alikimbia ukumbini usiku ambao filamu yake ya kurejea ilioneshwa kwa mara ya kwanza, akiamini amejiaibisha mbele ya dunia, na tangu siku hiyo amekuwa akijificha hotelini hadi hotelini kwa vodka na bangi. Anauliza kwa woga. Kisha anasikia kwamba filamu imependwa na watu wanamsifu. Mtazame Page hapo. Mgongo unanyooka kwanza, sauti inafuata, na macho yanayafuata yote mawili yakiwa yamechelewa, kama hayajaamini. Pembeni Chance anamvuta, anamsihi, mtaje Heavenly, nitaje mimi. Hamsikii. Kwa dakika hizo hakuna mtu mwingine duniani isipokuwa yule aliye upande wa pili wa waya anayemwambia kwamba bado yupo. Anaweka simu chini bila kumtaja. Hajamchukia kijana wa watu, amemsahau tu, na Newman anasimama pale kama mtu aliyeachwa na basi.

Alexandra ana maelezo mengine, ya kwa nini alikimbia ukumbini usiku ule. Anasema kamera ilimkaribia mpaka uso wake ukajaa pazia lote, taa zikimwaka, naye akaona kila kilichompata maishani kimeandikwa juu ya uso huku yeye akitabasamu. Mtazamaji wa ukumbi wa tamthilia, aliyeketi safu ya nyuma kabisa, inambidi ayaamini maneno hayo. Kwenye filamu, kamera inamfanyia Page jambo lilelile analolisimulia. Inamkaribia, na wewe mtazamaji unajikuta upande wa wale waliokuwa ukumbini usiku ule wakiukagua uso wake. Hapo sinema imeizidi tamthilia, nami nakiri bila shida kwamba mwongozaji Richard Brooks alijua anachokifanya alipoiacha kamera itulie juu yake.

Basi kwa nini mwisho ule? Sababu zinajulikana. Hollywood ya miaka ile ilikuwa na kanuni zake za maadili, na kanuni hizo zilikataa mambo mengi ambayo Williams aliyaandika waziwazi. Ugonjwa wa zinaa ukageuzwa kuwa mimba iliyotolewa. Kuhasiwa kukageuzwa kuwa fimbo ya usoni. Brooks alikuwa ameshapitia njia hiyo miaka michache nyuma, alipoigeuza tamthilia nyingine ya Williams, Cat on a Hot Tin Roof, kuwa filamu ya mwaka 1958, Newman akiwa ndani yake vilevile.

Fimbo ya usoni naielewa, na wala siichukii. Mtu anayeishi kwa sura yake ukimvunja sura umempiga mtajini. Kama filamu ingeishia hapo, Chance yuko chini, uso umekwisha, ningesema Brooks amepata njia ya haki ya kupita chini ya waya. Lakini Heavenly anakuja, na papo hapo jeraha lile linakuwa la kupona. Linakuwa gharama ya mahari.

Kwenye tamthilia Chance anapewa njia ya kutokea. Alexandra, ambaye sasa anarudi kwenye umaarufu wake, anamtaka waondoke wote. Wanaketi pamoja kitandani, na yeye anamjua kijana huyu kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja. Anajua pia kwamba ushindi alioupata kwenye simu hautadumu. Lakini Chance akienda naye, ataenda kama mzigo kwenye buti la gari lake, mpaka siku atakapochosha. Anakataa. Anabaki chumbani akiwasubiri akina Tom Junior, kaka wa Heavenly, na kabla pazia halijashuka anawageukia watazamaji, haombi wamhurumie, anaomba wajione ndani yake na wautambue wakati kuwa adui wa wote. Katika maisha yake yote ya kudandia, huo ni uamuzi wake mmoja wa mtu mzima. Filamu ikamnyang'anya uamuzi huo, badala yake ikampa msichana. Na msichana mwenyewe alifanywa nini? Heavenly wa Williams ni mtu aliyetolewa ndani yake kitu kisichorudishwa na ambaye hana tena wa kumrudia. Heavenly wa filamu ni zawadi.

Linaloniumiza zaidi, hata hivyo, watu hulizungumza kwa uchache. Kwenye tamthilia kisu hicho hakianzi na Chance. Kabla ya Pasaka ile, wazungu wa mji wamemkamata mtu mweusi njiani, yeyote tu, wakamhasi ili wengine waogope. Williams hakuhitaji kubuni. Septemba 1957, Birmingham, Alabama, watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, walimteka Edward Aaron, mtu mweusi ambaye hakuwa amewakosea lolote, wakamfanyia hivyo hivyo. Boss Finley wa jukwaani anasimama kuhutubia juu ya usafi wa damu ya wazungu, na anamtaka Heavenly, binti yule asiye na kizazi, asimame pembeni yake amevaa nguo nyeupe kama alama ya usafi huo. Anayemkumbusha ukweli hadharani anapigwa. Kwa hiyo mkono unaomjia Chance mwishoni tunaujua umetoka wapi na umeshafanya nini. Wanaume wanaoogopa kuzeeka na kuondolewa kitini wanawakata wenzao, na wanaanza na wale wasio na wa kuwatetea.

Filamu iliuondoa ukweli huo. Boss Finley akabaki kuwa mwanasiasa fisadi na jambazi wa mji mdogo, wa aina tunayoijua sote. Ed Begley alipewa Oscar kwa nafasi hiyo na aliistahili. Tukio ambalo anampelekea hawara wake, Miss Lucy, kito cha almasi, kisha anakibamiza kifuniko juu ya kidole chake, linatosha kukufanya usogee kwenye kiti. Kosa la Miss Lucy ni kuandika kwa rangi ya mdomo kwenye kioo cha chooni kwamba mzee hawezi tena kazi ya kitandani. Yeye naye amechuja, na hilo ndilo asiloweza kulisamehe. Lakini bila yale ya damu na ngozi, ukatili wake unakuwa wa tabia ya mtu mmoja. Ilikuwa 1962, watu weusi wa kusini mwa Marekani bado wanapigania kupiga kura na kuketi wanapotaka, na filamu kuhusu mji wa kusini ikapita kama hawapo.

Wapo wanaosema tamthilia yenyewe imezidisha. Oksijeni, bangi, kizazi, Pasaka, kisu, vyote ndani ya siku moja! Mimi natetea wingi huo wote. Mtu aliyeishi kwa kupigiwa makofi hakufundishwa kuumia kimyakimya. Alexandra analia kwa sauti kubwa kwa sababu sauti kubwa ndiyo kazi aliyoisomea, na ukimpunguzia sauti umemfanya mtu mwingine. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi, na tuliomsikia mwimbaji wa taarabu akiugawa uchungu wake mbele ya watu mia waliosimama kumtunza, hatuna sababu ya kuona aibu mbele ya hisia zilizojaa.

Tunao pia akina Alexandra wetu. Fungua kurasa za umbea mitandaoni, haipiti wiki bila picha ya mwanamke aliyewahi kutamba, amepigwa akiwa sokoni au msibani, hajajipamba, na juu yake yameandikwa maneno ya kwamba habari yake imekwisha. Chini yake watu wanacheka. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, hilo tulifundishwa wote, lakini naona tumelishika kama fimbo ya kuwachapia wenzetu. Wanaume walewale waliotamba naye enzi hizo wanaitwa wakongwe na kupewa heshima.

Page aliteuliwa kuwania Oscar kwa Alexandra na hakuipata mwaka ule. Alikuja kuishika mwaka 1986, kwa nafasi ya bibi kizee katika The Trip to Bountiful, na mwaka uliofuata akafariki. Katikati yake alifanya kazi kubwa mno jukwaani na kwenye sinema, kwa sababu palikuwa na watu walioendelea kumwandikia.

Hapa kwetu mwigizaji wa kike akivuka miaka arobaini anapewa nafasi ya mama mkwe mwenye gubu, au mama wa mhusika mkuu anayekufa mapema ili hadithi ianze. Naomba kikundi chochote cha maigizo, Bagamoyo, Nairobi, popote, kiichukue tamthilia hii kwa Kiswahili, kisu kikiwa mahali pake na yule mtu mweusi akitajwa. Alexandra achezwe na mwanamke aliyewahi kutamba kweli na ambaye sasa hapigiwi simu. Wapo, tunawajua, na wengi wao hawajapoteza hata chembe ya uwezo wao.