Kijana wa Nyanda za Juu Kusini aende ughaibuni sasa, au asubiri?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mawakala wa vyuo vya nje huonekana kwa wingi Mbeya na Iringa. Hukodi kumbi, huita wazazi, huonyesha picha za mabweni na maabara za China, India, Uturuki na Urusi, na haipiti muda utasikia familia fulani ya Mafinga imeuza shamba la miti, au ya Rungwe imeweka rehani kiwanja, ili kijana wa miaka kumi na tisa apande ndege mwezi Septemba. Majumbani mjadala huwa ule ule. Wapo wanaosema kwamba kijana akiingia katika utamaduni asioujua atakomaa na kupanuka akili, na wapo wanaosema kwamba atapotea, tena vyuo tunavyo hapa hapa. Mimi nimefundisha kidato cha tano na cha sita katika mikoa hii kwa muda wa kutosha kuwaona wakiondoka na wakirudi, na naamini swali linalostahili kutangulia ni hili: kijana anaondoka akiwa amefikia wapi katika maisha yake?

Hoja ya wanaounga mkono ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Katika shule zetu mtoto hufundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kunyamaza mbele ya mwalimu ni adabu, na aliyelelewa vizuri Kyela au Kilolo humsikiliza mkubwa macho yakiwa chini. Macho hayo hayo, katika semina ya chuo kikuu cha Ujerumani au Uingereza, huonekana kuwa ya mtu asiyejiandaa, na mhadhiri humruka akamwuliza mwingine. Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia kutoka Ujerumani kwamba muhula mzima wa kwanza alikuwa akiandika majibu yake pembeni mwa daftari bila kuyatamka. Siku alipothubutu kusoma moja kwa sauti, profesa alimpinga, wakabishana mbele ya wenzake, na mwisho profesa akamshukuru. Usiku ule kijana hakulala, akidhani amemvunjia mzee heshima. Kujua kwamba unaweza kumpinga mkubwa na heshima ikabaki palepale ni elimu kubwa, na ni vigumu kuipata katika ukumbi wetu wa mihadhara uliojaa hadi ngazini.

Kuhusu baridi, ambayo wazazi huihofia kuliko kitu chochote, nisikae sana. Aliyekulia Makete, akiona umande umeganda juu ya majani mwezi Juni, hashindwi na baridi ya Ulaya akipata koti zuri. Kinachomlemea ni giza la saa kumi jioni mwezi Desemba, na watu kupishana ngazini bila neno. Kwa mtu wa Iringa aliyezoea kupewa salamu ya Kihehe, “kamwene”, hata na asiyemfahamu, ukimya wa jirani husomeka kama chuki, ilhali jirani mwenyewe huenda anaona amemstahi mgeni kwa kutomsumbua. Wapo wanaoishi na jeraha hilo mwaka mzima kabla ya kugundua kwamba hakuna aliyewakusudia ubaya.

Penye uzito zaidi ni lugha. Mtoto wa Rungwe huanza na Kinyakyusa nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza huhamishiwa Kiingereza. Akipata udhamini wa serikali ya China kwa kozi inayofundishwa kwa Kichina, huanza na mwaka wa lugha, na kwa kawaida hutakiwa kufaulu HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya nne. Anayepata udhamini wa serikali ya Uturuki naye kwa kawaida huanza na mwaka wa Kituruki. Mawakala huusema mwaka huo kama hasara, na huvipigia debe vyuo vya huko vinavyofundisha kwa Kiingereza. Kwa niliyoyaona, mambo ni kinyume. Wengi waliosoma kozi za Kiingereza huko China waliwekwa katika mabweni ya wageni, wakapika pamoja, wakasali pamoja, wakamaliza miaka yao bila rafiki hata mmoja mwenyeji. Familia ililipia ughaibuni, kijana akaishi katika kijiji kidogo cha Watanzania, tena usiku akiwa kwenye simu na watu wa Mwanjelwa, kule Mbeya, hadi alfajiri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana huanza kuujua utamaduni wa wenyeji siku wanapompa jembe, yaani nafasi ya kufanya kitu pamoja nao: kwaya, timu ya mpira, kazi ya maabara, zamu ya jikoni. Bila lugha jembe hilo halipatikani.

Hata hivyo siwezi kukibeza kijiji hicho cha Watanzania. Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020 hadi tarehe 8 Aprili, mamia ya wanafunzi wetu walikuwa ndani ya mabweni yao, na katika siku kama hizo Mtanzania wa chumba cha pili ndiye ndugu. Mwishoni mwa Januari 2016, mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu mjini Bengaluru, India, kwa sababu tu Mwafrika mwingine asiyemhusu alikuwa amemgonga mwenyeji kwa gari. Serikali ya India ilieleza masikitiko yake, lakini mzazi wa Tukuyu anayekumbuka habari ile ana haki ya kuogopa, na kumjibu kwamba ugeni hukomaza ni kumkosea.

Gharama ninayoiona kubwa kuliko zote haimo katika karatasi za wakala. Ni msiba. Kwetu, hasa kwa Wanyakyusa, kufika msibani ni wajibu ambao mtu hupimwa nao maisha yake yote, na nauli ya ghafla kutoka Asia au Ulaya haipatikani kwa usiku mmoja. Nimesimama kaburini Rungwe wakati mjomba ameinua simu juu ya vichwa vya watu ili kijana aliye mbali aone jeneza la baba yake likishuka, mtandao ukikatika na kurudi. Baada ya mazishi mama alisema aliisikia sauti ya mwanawe mara moja tu. Kijana alikuwa mwaka wa pili, na hakuwa na mtu mzima wa kukaa naye usiku huo.

Ndiyo maana narudi kwenye umri. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa na miaka 27, ameshamaliza Makerere na kufundisha Tabora, akarudi na shahada ya M.A. aliyoipata mwaka 1952. Alikuta utamaduni mgeni akiwa na wake uliokwisha kukaa sawa. Vijana wa miaka ya 1960 waliopelekwa Moscow wakitokea sekondari walikwenda kwa sababu chuo kikuu chetu cha kwanza kilikuwa kimeanza tu mwaka 1961, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Leo Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), kilichopanda hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2012, Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa, na Bodi ya Mikopo huelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwa walio vyuo vya ndani. Kwa kozi zinazopatikana hapa, naona shahada ya kwanza isomwe nyumbani na ughaibuni isubiri shahada ya pili.

Msimamo huu una mahali unapopwaya. Udaktari una nafasi chache kuliko waombaji, na kijana mwenye alama nzuri aliyekosa nafasi hapa hawezi kuambiwa asubiri shahada ya pili ya kitu ambacho hajakisomea. Tena kijana wa miaka kumi na tisa hushika lugha haraka kuliko mtu wa miaka thelathini mwenye mke na mkopo. Aliyekosa nafasi hiyo aende, lakini mzazi asiuze shamba kabla ya kuuliza mambo ambayo wakala hapendi kuulizwa: je, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakitambua chuo hicho, Baraza la Madaktari Tanganyika litamtaka nini kabla ya utarajali, nani analipia mwaka wa lugha, na nauli ya dharura imewekwa wapi. Na shule zetu za kidato cha sita, ambazo huwaruhusu mawakala kuingia na vipeperushi, ziwaite pia waliorudi, pamoja na wale waliorudi bila shahada, wazungumze na vijana kabla ya mtihani wa mwezi Mei.