Kubania miembe maji ya matone: utamu una wakati wake

Wakulima wa embe aina ya ngowe na boribo kuanzia Kisauni hadi Mtwapa, pwani ya Kenya, waliotandaza mipira ya kumwagilia kwa matone wana ubishi wao. Wapo wanaofungulia maji bila kipimo, kwa kuwa kwenye soko la Kongowea embe kubwa ndiyo inayokimbiliwa. Wapo wanaokata nusu ya maji, wakisema embe inakuwa tamu na bili ya pampu inashuka. Wote wana ukweli, ila wanakosea wanaposhikilia kiwango kimoja msimu mzima.

Hesabu kwanza. Mwembe uliotanda mita 4 kutoka upande hadi upande unafunika mita za mraba 12.6. Siku ya jua kali ukihitaji milimita 3.5 za maji, hizo ni lita 44, kwani milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Vitone 4 (vitundu vya mpira vinavyodondosha maji) vya lita 4 kwa saa kila kimoja vitazitoa kwa saa 2 na dakika 45. Kwenye mchanga wa pwani usizitoe kwa mkupuo, zitazama chini ya mizizi. Gawanya asubuhi na jioni.

Hoja ya kukata ni nzito: embe iliyobaniwa maji huwa na sukari nyingi zaidi na nyama iliyoshikana. Lakini katika wiki 6 za kwanza baada ya maua kushika, chembe hai za tunda ndipo zinapogawanyika. Ukikata hapo, embe changa hupukutika na zilizobaki hudumaa, na maji ya baadaye hayalipi deni hilo. Kata wiki 2 au 3 za mwisho, tena polepole. Mti uliokaushwa kisha ukamwagiwa ghafla hupasua matunda.

Wengine huiga mashamba ya cheri ya nchi za baridi, yanayopunguza maji baada ya mavuno. Cheri huvunwa mapema, mti ukabaki bila mzigo kiangazi kizima. Mwembe ukishachumwa huanza kuchipua matawi yatakayobeba maua ya msimu ujao, na kuubania hapo ni kula mavuno ya mwaka unaofuata.

Linalosahauliwa zaidi ni chumvi. Visima vingi vya huku vina maji ya munyu, na mwembe hauvumilii munyu. Matone husukuma chumvi hadi ukingoni mwa duara la unyevu. Ukipunguza maji, duara hujifinya na chumvi husogea kwenye mizizi. Dalili yake ni ncha za majani kuungua zikawa kahawia, na ni rahisi kuidhania kiu ya kawaida. Kipimo cha chumvi ya maji kikisoma zaidi ya desisimensi 1.5 kwa mita, acha kabisa mpango wa kukata. Ongeza sehemu moja ya maji kwa kila kumi ili chumvi ishuke.

Na rasharasha za kwanza za vuli zikianza, usifunge bomba. Mvua ndogo huyeyusha chumvi ya ukingoni na kuirudisha kwenye mizizi, kwa hiyo acha matone yaendelee mpaka mvua kubwa ilowanishe shamba lote.