Mbuzi wa Ampea Nane

Baridi ya kwenye pikipiki haina adabu. Ukiwa umesimama tu kituoni, inakuja kwa mbele, unaikunjia kola, mnavumiliana. Juu ya pikipiki inaingilia mkono wa koti, inazunguka kwapani, inatokea mgongoni, na huko inakaa hadi mwisho wa safari. Hewa ikiwa nyuzi sufuri na wewe unakwenda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapigwa kama vile ni hasi 10. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nafika kazini taya limekaza, nikisalimiwa najibu kwa nyusi.

Nikanunua jaketi la umeme.

Kwa asiyelijua: ni jaketi jepesi la kuvaa ndani ya koti, limeshonewa nyaya nyembamba kifuani, mgongoni, mikononi na kwenye kola. Upindoni linaning'inia waya kama mkia, unauchomeka kwenye waya mwingine unaotoka kwenye betri ya pikipiki. Glavu nazo zinachomekwa kwenye ncha za mikono ya jaketi. Mama watoto aliitazama ile mikia yote, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa mume wangu, wewe ndiye umefuga pikipiki, au yenyewe ndiyo imekufuga?"

Nilicheka. Ningejua, ningekaa chini nifikiri.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Niliangalia picha. Kulikuwa na mstari mmoja kuhusu kuhakikisha pikipiki inazalisha umeme wa kutosha, niliusoma kama watu wanavyosoma masharti kabla ya kubonyeza "nakubali". Jaketi lilikuwa la wati 77, glavu wati 27. Jumla 104. Gawanya kwa volti 12.8, unapata ampea 8 na kidogo. Betri ya kipikipiki changu ina ampea-saa 8, yaani kwa mzigo huo, ikiwa peke yake, haimalizi hata saa moja. Mtoto wa shule angeona tatizo. Mimi niliona glavu nzuri.

Nilifunga nyaya mwenyewe, moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya ampea 15 katikati. Fundi yeyote angeniambia niupitishe umeme kwenye swichi ya ufunguo, ili pikipiki ikizimwa na jaketi lizimike. Lakini siku hiyo fundi nilikuwa mimi, na sikujiambia.

Siku ya kwanza nililivaa juu ya sweta zito, nikapandisha joto hadi mwisho, taa ya kidhibiti ikawa nyekundu. Sikusikia kitu. Sweta lilipata joto, mimi sikupata. Kumbe linatakiwa kukaa karibu na mwili, juu ya fulana nyembamba tu. Siku ya pili nikavua sweta, nikavaa jaketi juu ya fulana, koti kubwa juu yake, nikafunga zipu hadi kidevuni. Taa niliiacha pale pale kwenye nyekundu.

Nilipofika barabara kuu nilikuwa nimeshaanza kuimba ndani ya helmeti. Nje nyuzi 2, barafu kwenye nyasi, mimi kifuani kama nimekumbatia chapati iliyotoka jikoni. Watu kituoni wamejikunyata, nawapita nikiwaonea huruma ya kitajiri.

Baada ya dakika 15 huruma ikaisha. Jasho lilianza mgongoni, likashuka. Kidhibiti kilikuwa ndani ya koti, na kwa glavu zile nene huwezi kushika zipu, sembuse kubonyeza kitufe kidogo kama punje ya dengu. Nikasema nitakipunguza nikisimama. Nikaingia kwenye foleni, na huko kwenye foleni injini inanguruma polepole tu, ambapo alternata ya pikipiki ndogo, yaani kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme, inatoa umeme wa kutosha taa na mengineyo kwa shida. Jaketi langu likaanza kula akiba ya betri. Sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba naiva.

Mbele, kizuizi cha reli kikashuka. Treni ya mizigo, ile ya mabehewa yasiyohesabika, tena ikasimama katikati. Nikazima injini kuokoa mafuta. Mimi ni mtu wa kubana matumizi.

Nikavua glavu, nikafungua zipu ya koti hadi kifuani ili nipate hewa. Mvuke ukatoka. Si kidogo, ulipanda shingoni kwa wingu zima, kama sufuria iliyofunuliwa. Nikafunua na kioo cha helmeti, na humo mvuke ukatoka.

Kwenye gari dogo la mizigo pembeni yangu kulikuwa na mzee. Akashusha kioo.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba kijana. Unaungua."

"Hapana mzee, ni jaketi. Lina umeme."

Akalitafakari jibu hilo. "Ndiyo maana unaungua."

Treni ikaondoka baada ya muda ambao sikuupima, kwa kuwa nilikuwa namweleza mzee faida za teknolojia. Kizuizi kikapanda. Nikabonyeza starta. Ikasema *tk-tk-tk-tk*, kisha *tk*, kisha ikanyamaza. Nyuma yangu honi zikaanza.

Nikashuka, nikashika usukani, nikasukuma ili niiwashe kwa gia ya pili. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, kitu kikanivuta kiuno. Nilikuwa bado nimefungwa. Plagi ile imetengenezwa ichomoke ukiivuta, lakini mimi nilikuwa nimeizungushia utepe wa umeme mara tano, isije ikachomoka. Waya ukanielekeza nikae pale pale ubavuni mwa tangi, nitembee kiupande kama kaa. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mimi nilikuwa na sentimita 40.

Nikasukuma, nikaruka juu, nikaachia klachi. Ikakohoa, ikagoma. Tena. Ikagoma. Sasa jasho lilikuwa la kazi halisi, mvuke ukazidi. Mzee akaegesha gari lake, akaja kunisaidia kusukuma, mtu wa watu. Mara ya tatu ilipogoma, akainama, akaugusa ule waya kwa kidole kimoja.

"Huu unakwenda wapi?"

"Kwenye betri."

"Na huku?"

"Kwangu."

Akanyoosha mgongo taratibu. "Na sasa hivi umewashwa?"

Nikaangalia ndani ya koti. Ile taa nyekundu inanitazama. Muda wote nilioizima pikipiki, na muda wote tuliosukuma, nilikuwa nainyonya betri kwa mgongo wangu. Mzee hakusema neno. Akatoa kisu mfukoni, akakata utepe, akachomoa plagi, akanipa mkia wangu mkononi. Tukasukuma mara moja. Ikawaka.

Safari iliyobaki, kilomita 11, niliimaliza nimelowa chapachapa, bila umeme, kwenye nyuzi 2. Nilifika nikajibu salamu kwa nyusi, kama zamani, isipokuwa fulana ilikuwa imeanza kukakamaa.

Jioni nikaleta betri sebuleni, nikaiweka kwenye chaja. Jaketi lilikuwa bado bichi, na kwenye mashine ya kukaushia haliingii. Nikaona njia: nilitandike kwenye kiti, nilichomeke kwenye betri hiyo hiyo, likaukie hapo kwa joto lake. Mama watoto akapita, akaligusa. Akapita tena, akaligusa kwa mikono miwili. Sikutilia maanani, nikaenda kulala.

Asubuhi nikakuta betri imekufa kabisa. Chaja yangu inatoa ampea 1, jaketi peke yake linakula kama 6. Na jaketi halikuwa kwenye kiti. Lilikuwa kwenye kochi, limevaliwa, zipu imefungwa hadi kidevuni, na aliye ndani yake amelala fofofo, mkono mmoja umeshikilia waya.

Nikamwamsha kumuuliza. Akafungua jicho moja.

"Mume wangu," akasema, "hakuna waya mrefu zaidi ya huu, ufike chumbani?"