Filamu moja, megapikseli 14 au 138

Kwenye karatasi ya sifa za filamu nyeusi na nyeupe ya T-Max 100, Kodak waliandika namba mbili za uwezo wake wa kutenganisha mistari midogo. Mistari ikiwa na tofauti ndogo ya mwanga, 1.6 kwa 1, filamu inatenganisha jozi 63 kwa milimita, jozi moja ikiwa mstari mweusi na mweupe wake. Tofauti ikiwa 1000 kwa 1, inafika jozi 200. Chukua fremu ya kawaida ya milimita 24 kwa 36, ile inayoitwa ya milimita 35, kila mstari upe pikseli moja, kisha kokotoa. Namba ya kwanza inakupa megapikseli karibu 14, ya pili 138.

Ubishi mwingi wa filamu na dijitali kwenye picha nyeusi na nyeupe unatoka hapo. Mpenzi wa filamu ameshika 200 na anauliza ni kamera gani ya kidijitali itamfikia. Mwenzake ameshika 63 na anacheka, kwa kuwa hata simu yake inadai zaidi ya hapo. Wote wamesoma karatasi ileile na hakuna aliyedanganya. Mimi niko upande wa 63. Mistari ya 1000 kwa 1 ni ya maabara. Nyuzi za kitambaa, nywele na mikunjo ya ngozi hazina tofauti kubwa namna hiyo.

Tuchukue picha ya kundi la wanaume harusini, wamesimama kwa upana wa mita 3, kanzu nyeupe na kofia za viua. Tuseme vitobo vya kofia vimepishana milimita 2. Kundi likijaza fremu ya milimita 35, vitobo hivyo vinaangukia jozi 42 hivi kwa milimita kwenye filamu. T-Max 100 itavishika, ila kwa kujikongoja. Filamu ya kasi ya 400, yaani inayohitaji mwanga mdogo zaidi, itakupa kofia yenye madoadoa, kwa sababu chembe za fedha zinazoijenga picha zimeanza kugombania nafasi na vitobo. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa upana, yaani pikseli 4 toka kitobo hadi kitobo, na inavitoa bila jasho.

Lakini teremka hadi kwenye koti la bwana harusi, ambalo nyuzi zake zimepishana milimita 1. Sasa dijitali imebaki na pikseli 2 kwa kila uzi, na huo ndio ukomo wake. Ikisukumwa kidogo tu kupita hapo inachora mawimbi ambayo hayamo kwenye koti. Filamu haifanyi kosa hilo. Chembe zake zimetapakaa bila mpangilio, kwa hiyo nyuzi zinafifia taratibu mpaka zinakuwa kijivu. Ukinipa picha hizo mbili na kuniuliza ipi ina taarifa nyingi zaidi, nitasema dijitali. Ukiniuliza ni koti lipi linavumilika kutazamwa, nitachagua la filamu.

Na hapo tunagusa jambo ambalo wabishi hulichanganya kila siku. Kutenganisha vitu vidogo ni kitu kimoja. Picha kuonekana kali machoni ni kingine. Mwaka 1952 Higgins na Jones wa Kodak walionyesha kuwa jicho hupima ukali kwa jinsi weusi unavyogeuka weupe kwenye ukingo wa kitu, na kwamba picha yenye undani mdogo inaweza kumshinda mwenzake kwa ukali. Watu wa chumba cha giza walishaitumia mbinu hiyo bila nadharia. Dawa ya kusafishia filamu ya Rodinal, iliyoanza kuuzwa mwaka 1891, ukiizimua sana na kuiacha filamu itulie bila kutikiswa, inachoka haraka sehemu zenye mwanga mwingi na inabaki na nguvu sehemu za kivuli. Zinapokutana, dawa mpya na iliyochoka huvuka mpaka, na ukingo unapata mstari mwembamba mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili. Undani haujaongezeka hata chembe. Jicho, hata hivyo, linakubali kwamba picha imekuwa kali.

Programu za kompyuta zinafanya kitu hichohicho kwa kitufe kimoja. Kwa hiyo anayesema ukali wa dijitali ni wa kutengenezwa huku akijivunia Rodinal yake, ajitazame tena. Tofauti ninayoikubali ni ya kipimo: dawa ina mwisho wake, kitufe hakina, na ndiyo maana tunaona nyuso zenye kingo kama za bati.

Hoja nzito zaidi ya upande wa filamu ni ya rangi. Sensa ya kawaida, yaani kipande cha kamera ya kidijitali kinachopokea mwanga, imefunikwa vichujio alivyovibuni Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ikatolewa mwaka 1976: nusu ya pikseli zinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Zinazokosekana zinakisiwa na programu. Kwa kofia nyeupe hasara ni ndogo. Sasa fanya kile wapiga picha nyeusi na nyeupe wamekifanya miaka yote, weka kichujio chekundu mbele ya lenzi ili anga liwe zito na mawingu yatokeze. Umebaki na robo ya pikseli zinazofanya kazi, na mchanga wa kidijitali, chembechembe zisizo za picha, unajaa angani. Filamu haijui habari hiyo, fremu yake yote inapokea.

Mwaka 2012 watengeneza kamera wa Leica walijibu kwa M Monochrom, kamera ya megapikseli 18 isiyo na vichujio hivyo kabisa. Kasi yake ya msingi ikawa ISO 320, mara mbili ya 160 ya M9, kamera ya rangi waliyoanzia. Kwangu hiyo ndiyo dijitali ya haki kulinganishwa na filamu nyeusi na nyeupe, na kwenye fremu ya milimita 35 inaishinda kwa undani. Ina ubaya wake: huwezi kubadilisha uwiano wa rangi baada ya kupiga, na weupe ukiungua hakuna pikseli ya rangi nyingine ya kuokolea kitu. Negativu ukiipa mwanga wa ziada bado inakuachia kitu cha kuchapa.

Kuna hasara ambazo kwenye mabishano hazitajwi. Wengi wanaopiga filamu leo hawaingii chumba cha giza, wanaskani. Skana ya mezani iliyoandikwa nukta 6400 kwa inchi haitoi hata nusu ya hiyo kwa undani wa kweli, kwa hiyo zile jozi 63 zinaishia kwenye kioo chake. Halafu kuna kusafisha filamu kwa dawa. Majedwali ya dawa kwa kawaida yanatumia nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa hayajawahi kukaa hapo. Asiye na barafu na kipimajoto asilaumu filamu.

Kwa picha ya A4 mzozo wote unakaribia kwisha wenyewe. Fremu inakuzwa zaidi kidogo ya mara 8, na jicho likiwa sentimita 25 kutoka kwenye karatasi linatenganisha karibu jozi 7 kwa milimita. Zidisha, unapata 58 hivi kwenye filamu, na T-Max inayo. Kuanzia A3 kwenda juu dijitali inaiacha filamu nyuma.

Mahali filamu ingali na hoja ya undani ni kwenye ukubwa wa negativu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alitumia negativu za sentimita 13 kwa 18, eneo la mara 27 ya fremu ya milimita 35, na picha za wateja alizichapa kwa kugusanisha negativu na karatasi bila kukuza. Maua ya vitambaa vyake vya nyuma na ya magauni yanasomeka moja moja. Anayetaka kuishinda dijitali kwa undani aiache kamera ndogo nyumbani, atafute ya negativu za inchi 4 kwa 5, stendi nzito, na wateja wanaoweza kutulia.